Pumzi Aliyoizuia Baba

Kila Jumamosi asubuhi Kasuku alimsindikiza baba yake, fundi mwashi, kupimwa shinikizo la damu. Jina hilo alipewa na Baba mwenyewe, kwa kuwa mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Jumamosi hii walikuwa katika maabara ya chuo, ambako Baba alijitolea kufanyiwa utafiti.

Daktari, mama wa makamo, alitumia saa nzima kuutafuta mshipa wa fahamu chini ya goti la Baba kwa sindano nyembamba kama unywele. Hatimaye spika ikatoa sauti: shaa... shaa... kama mtu anayefagia uwanja.

"Hizo ni amri za kuibana mishipa ya damu," alieleza. "Mwili huzituma wenyewe bila kutuuliza. Sasa, mzee, tumbukiza mkono kwenye maji ya barafu dakika mbili. Upumue kama kawaida."

"Barafu?" Baba alicheka. "Mikono hii imezoeana na saruji miaka ishirini!"

Mkono ulipozama, fagio likaongeza kasi. Daktari alikazia macho kompyuta. Kasuku, aliyeketi kando ya Baba, aliona shati lake halipandi wala halishuki. Mkanda wa kupimia pumzi aliofungwa kifuani ulikuwa umelegea, haukupima sawasawa. Baba akamkonyeza: nyamaza.

"Safi kabisa!" Daktari alishangilia muda ulipokwisha.

"Si safi," alisema Kasuku. "Baba alizuia pumzi."

"Kasuku! Funga mdomo! Unaniumbua mbele ya watu?"

Kasuku hakurudi nyuma. "Unisamehe, Baba, ila sifungi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba tofali lililopinda halifichwi kwa plasta. Hili limepinda."

Daktari aligeuka kuutazama mkanda uliolegea.

"Niliogopa kupiga yowe," Baba alikiri, macho chini.

Daktari aliyafuta majibu yale kwa mstari mmoja, akaukaza mkanda. "Kuzuia pumzi peke yake huziongeza amri hizi. Tungesingizia baridi, na mgonjwa fulani angepewa dawa isiyomfaa."

Walipumzika, wakarudia. Safari hii Baba alikunja uso, machozi yakamlengalenga, lakini shati lilipanda na kushuka.

"Inauma, jamani!" alipumua alipoutoa mkono. Kisha akamgeukia bintiye. "Leo umenikaidi."

"Ndiyo, Baba."

"Heshima isiyovumilia ukweli ni plasta tu, mwanangu. Siku nikikukonyeza tena ufiche kosa, nikaidi tena."