Kahawa Iliyorudishwa Motoni

Walikutana kwenye foleni, na kama ungewauliza siku hiyo, kila mmoja angekwambia mwenzake hana adabu. Duka la kahawa lilikuwa limefurika watu wa kabla ya kazi. Binti alikuwa kinyozi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, gauni la njano, vinywele vya wateja vimemganda mabegani. Wenzake walimwita Mikasi, na si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi. Aliomba kahawa ya punje, iliyo nyeusi kabisa. Mkaangaji wa duka akamjibu kwa upole kwamba pale hawaunguzi kahawa, wanaikaanga.

"Basi nipe hiyo ambayo haijaiva," alisema Mikasi, na foleni nzima ikacheka.

Mkaangaji naye akacheka, na hapo ndipo alipokwisha. Jina lake la utani lilikuwa Moto Mdogo, kwa kuwa hakuwa na haraka na punje wala na mtu. Kesho yake akavuka barabara kwenda kunyolewa, ingawa alikuwa amenyolewa juzi. Akarudi tena. Mikasi alimwonya kwamba kichwa kimebaki yai tupu, safari ijayo atamnyoa nyusi. Akarudi vilevile. Mapenzi, ndugu yangu, yana ujinga wake.

Basi wakapendana. Simu haziishi: umekula, umefika, mbona kimya mpenzi. Kila mwisho wa wiki Moto Mdogo alimpa mfuko wa kahawa aliyomkaangia yeye peke yake, rangi ya mdalasini, yenye ukali wa tunda. Akimuuliza ameionaje, Mikasi yule yule asiyemficha mtu kitu alijibu kwamba ni tamu. Hapo ndipo alipokosea.

Maana akifika nyumbani alizimimina punje zile kwenye kikaango, akazirudisha motoni mpaka zikawa nyeusi tititi na kutoka mafuta. Hakufanya hivyo kwa ajili ya ulimi wake. Aliishi na baba yake, dereva mstaafu wa malori, ambaye homa kali ilimwachia uhai ikaondoka na pua. Mzee hakusikia harufu ya chakula, wala sabuni, wala mvua. Kitu kimoja tu kilimfikia: moshi wa kahawa inapokaribia kuungua. Ukipanda ule moshi, uso wake hukunjuka, akaanza kusimulia habari za marehemu mkewe, aliyekuwa akikaanga hivyo hivyo. Mikasi angeunguza kahawa ya dunia nzima kwa ajili ya uso ule. Lakini kumwambia mkaangaji kwamba kazi ya mikono yake inaunguzwa, ulimi wote ule ulishindwa.

Siku ya kujitambulisha kwa mzee ikafika. Moto Mdogo alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, akabeba mfuko mpya, akawahi kupita kiasi. Kwenye ngazi akakutana na moshi. Akadhani nyumba inaungua, akapanda mbio. Mlango ulikuwa wazi, na Mikasi, aproni kiunoni, alikuwa akikoroga punje zinazogeuka mkaa. Hakuhitaji kuuliza zimetoka wapi, lakini aliuliza.

"Ni ile niliyokupa juzi?"

"Ndiyo."

"Na zile za nyuma?"

"Zote."

"Na ulikuwa ukiniambia tamu."

"Niliogopa kukuumiza, mpenzi."

"Ungeniumiza rejareja ningevumilia. Sasa umeniumiza kwa jumla."

Neno moja tu kuhusu baba yake, na yangekwisha. Lakini aibu ikigeuka hasira haina breki. Mikasi akamwambia kahawa yake ni chachu, na kama hataki punje zake ziguswe basi azilalie kama kuku. Moto Mdogo akauweka mfuko mlangoni, akashuka. Kutoka chumba cha ndani, mzee, aliyekuwa amevaa koti lake la heshima, aliuliza kama mgeni amefika. Mikasi akajibu kwamba mgeni amepata dharura, kisha akajifungia bafuni akalia.

Wakanuniana. Mikasi akipiga, simu inaita mpaka inakata. Moto Mdogo akipiga, Mikasi ameshika kichwa cha mtu, na akimaliza kiburi kinamkataza kurudisha simu. Barabara moja tu katikati yao. Mzee, ambaye pua ilikufa lakini macho yalikuwa hai, alimwona bintiye akirudisha sahani bila kuigusa, na mwishowe akambana mpaka binti akasema yote.

"Mwanangu, aliyekuja kwa heshima hafukuzwi kwa uongo. Nenda kamwambie kweli, hata hii ya pua yangu. Mimi sioni haya."

Asubuhi iliyofuata Mikasi alipanga foleni kama wateja wengine. Zamu yake ilipofika akasema mbele ya wote:

"Baba yangu hasikii harufu yoyote ila moshi wa kahawa. Ndiyo maana niliirudisha yako motoni. Nilikudanganya kwa sababu nakupenda, nikakutukana kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kahawa sitaki leo."

Akatoka. Mtu wa nyuma yake akauliza kama sasa anaweza kuhudumiwa.

Jumapili mlango ukagongwa. Shati lile lile jeupe. Moto Mdogo akamwamkia mzee shikamoo, akaomba ruhusa ya kuingia jikoni. Mfukoni mwake mlikuwa na punje mbichi, za kijani. Akamsogezea mzee kiti karibu na jiko, akamwambia kwamba leo atakayesema imeiva ni yeye.

Punje zikawa njano, zikawa kahawia, zikaanza kupasuka kama bisi. Maisha yake yote Moto Mdogo alikuwa akizima moto muda mfupi baada ya hapo. Akamtazama mzee, mzee akatikisa kichwa: bado. Akaendelea kukoroga, roho inamuuma. Mlio wa pili ukaanza, mwembamba zaidi, na moshi ukapanda. Mzee akafumba macho, akainua kidole.

"Hapo," alisema, machozi yakimtiririka. "Hapo hapo, mwanangu."

Moto ukazimwa. Mikasi naye alikuwa ametengeneza kikombe kutoka ule mfuko ulioachwa mlangoni, ambao hakuthubutu kuutia motoni. Moto Mdogo akamwomba aonje, aseme kweli. Akaonja.

"Chachu."

"Sana?"

"Inakunja uso."

"Nataka kuambiwa hivyo kila asubuhi mpaka nizeeke," alisema Moto Mdogo. "Utakubali nikuoe?"

Mikasi akafungua mdomo, akaufunga. Alimtazama baba yake, akatazama kikombe, na neno halikutoka.

"Huyu mtoto sijamwona akikosa la kusema tangu azaliwe," alisema mzee. "Amekubali. Haya, mimina kahawa. Ile yangu."