Sufuria Mbili Jikoni kwa Maftaha

Alhamisi, tarehe 15 Mei 2025. Alfajiri mvua ilinyesha kijijini Tingi, mvua nyepesi isiyo na upepo. Jua lilipochomoza mabati yalikuwa bado yanadondosha maji, na ndoo ya Maftaha chini ya paa ilikuwa imejaa pomoni.

Maftaha alikuwa ameswali, lakini hakuinuka upesi kutoka kwenye mswala. Alimwombea mumewe, Hasani.

Hasani alikuwa mkulima wa korosho na ufuta. Ukimwona shambani ungesema ana afya ya chuma. Kumbe alikuwa na presha. Mganga wa zahanati alimpa vidonge vya kumeza kila siku, akamwambia pia apunguze chumvi.

"Presha ikiachwa juu inaweza kuleta kiharusi," mganga alisema.

Neno hilo lilimwingia Maftaha hadi kwenye mifupa. Kaka mkubwa wa Hasani alipata kiharusi, akaishi kwa kulishwa kijiko mpaka alipofariki. Siku ile ile Maftaha alilitoa kopo la chumvi jikoni, akalipeleka kwa jirani. Tangu hapo hakutia chumvi katika chungu chochote.

Na bado jana, Hasani alipopimwa tena, presha ilikuwa pale pale.

Asubuhi hiyo Hasani alikunywa chai bila kusema neno. Ukimya huo ulimuumiza Maftaha kuliko maneno. Kabla hajauliza, sauti ilisikika uani.

"Hodi! Wenyewe mpo au mmelala?"

Alikuwa Somoe, dada mkubwa wa Hasani, aliyeolewa Kilwa Kivinje. Mkononi alikuwa na furushi la gazeti. Hakuna aliyehitaji kuuliza ndani mna nini. Dada anayetoka pwani haji kwa kaka yake mikono mitupu. Huleta ng'onda, yaani samaki aliyepasuliwa, akapakwa chumvi, akaanikwa juani mpaka akakauka. Na wifi mtu lazima aipike siku hiyo hiyo. Asipoipika, maneno yatafika Kivinje kabla ya mgeni mwenyewe.

"Karibu wifi. Shikamoo."

"Marahaba. Lo, kaka yangu mbona umenyong'onyea hivyo? Wanakulisha kweli humu ndani?"

"Ananilisha, dada," Hasani alisema. Akaweka kikombe chini. "Ananilisha chumvi."

Maftaha alisimama wima. "Umesema nini, baba Nurdin?"

"Nimesema unanilisha chumvi. Kisamvu cha juzi kilikuwa na chumvi, ulimi wangu si mgonjwa. Mbele yangu umetoa kopo, nyuma yangu unatia. Mimi naogopa, mama Nurdin. Sitaki kulishwa kijiko kama marehemu kaka. Dada, nataka nije nikae kwako."

"Njoo hata leo," Somoe alisema, akimkazia macho Maftaha. "Kwangu hutapikiwa kwa siri."

"Wallahi sijatia hata chembe!" Maftaha alisema. Miaka yote ya ndoa Hasani hakuwahi kumwita mwongo. Leo alimwita mwongo mbele ya dada yake.

Jirani yao Salome alisikia sauti zimepanda, akaja. Salome alikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Alizaliwa Nyangamara, mbali na bahari, na watu wa Tingi walimpenda kwa sababu alijua kusikiliza. Aliwasalimu wakubwa zake, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Maftaha alimweleza yote.

"Nakuamini, mama Nurdin," Salome alisema. "Lakini na ulimi wa baba Nurdin nauamini. Kisamvu hicho ulikipikaje?"

"Nilikitwanga, nikakichemsha. Nikatia tui la nazi. Na ng'onda, ile aliyoleta wifi safari iliyopita."

"Hiyo ng'onda haina chumvi?"

Somoe alicheka. "Mwanangu Salome, wewe ni mtu wa bara. Chumvi ya ng'onda ni ya kumkausha samaki tu. Akishakauka, chumvi imekwenda na jua. Inayobaki ni ladha ya samaki."

"Ndivyo hivyo," Maftaha aliitikia. "Hata mama yangu alisema hivyo. Tena kitoweo si chumvi."

Salome hakubisha. Aliitazama ndoo iliyojaa maji ya mvua.

"Basi tufanye jaribio. Niazimeni sufuria mbili zinazolingana."

Sufuria zililetwa. Salome alichota kikombe cha maji ya mvua, akamimina katika ya kwanza. Katika ya pili alimimina kikombe kingine cha maji yale yale. Kisha alikata kipande cha ng'onda ya Somoe, akakitumbukiza humo.

"Huyu akae alowe," alisema. "Sisi tuendelee na kazi zetu."

Wakaendelea. Somoe alichambua mchele huku akinung'unika kwamba hajawahi kuona samaki akipimwa presha. Hata Hasani alitabasamu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Baadaye Salome alimtoa samaki. Alichuja maji kwa kitambaa safi mpaka yakawa hayana hata gamba. Sufuria zote mbili zikabandikwa motoni, kila moja kwenye jiko lake.

"Yakauke kabisa," alisema. "Hatutii kitu. Tunatazama tu."

Walitazama. Maji yalichemka, yakapungua. Jiko lilijaa mvuke wenye harufu ya pwani. Sufuria ya maji matupu ilikauka kwanza. Chini kulibaki doa hafifu, kama alama ya pumzi kwenye kioo. Kisha sufuria ya pili ilianza kulia, tas, tas. Salome aliiepua haraka, akaiweka chini mbele yao.

Wote waliinama kutazama.

Chini ya sufuria kulikuwa na ukoko. Pembeni ulikuwa mweupe, katikati wa manjano kidogo, na ulimetameta.

Maftaha alipiga magoti. Aliugusa kwa ncha ya kidole, akaonja.

Utotoni alikaa na mama yake kando ya mkono wa bahari, wakichemsha maji ya chumvi katika madebe. Aliujua ukoko huu. Aliukwangua kwa mikono yake mwenyewe.

"Subhanallah," alisema polepole. "Hii ni chumvi."

"Haiwezekani," alisema Somoe. Naye akaonja. Akafumba macho. "Chumvi tupu!"

"Jua halichukui chumvi," Maftaha alisema, kama anayejisemea. "Jua linachukua maji. Chumvi inabaki. Mimi nimelelewa kwa kazi hiyo! Nilijua kwenye debe, sikujua kwenye chungu changu." Aliinua mikono yake. "Ewe Mola, unaweka kitu ndani ya kitu, na jicho halioni mpaka umelionyesha."

Hasani alikuwa akiutazama ukoko ule, kisha akamtazama mkewe.

Salome alieleza taratibu. "Kuloweka kunapunguza chumvi, hakuimalizi. Mwenye presha ni bora aiache ng'onda. Na magadi je? Unayatia kwenye kisamvu?"

"Kidogo tu, kilainike upesi."

"Magadi nayo yana kitu kile kile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha. Tena yanaharibu baadhi ya vitamini za mboga. Twanga vizuri, chemsha bila kufunika mpaka kiive kabisa, maana kisamvu kibichi kina sumu. Na tui liwe jepesi."

"Sasa mtu atakula nini, majani ya mgomba?" Somoe aliuliza.

"Leo tutaona," alisema Maftaha. Alikuwa ameshasimama.

Alichemsha mbaazi mpaka zikalainika. Akatia tui jepesi, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi na bizari. Alionja. Kuna kitu kilipungua. Alikamua ndimu, akaonja tena. Bado kidogo. Akatia pilipili mbichi nzima ili itoe harufu bila ukali. Alipoonja mara hii aliangua kicheko peke yake jikoni. Ladha zilikuwepo siku zote, chumvi ilikuwa inazipigia kelele.

Hasani alikula. Hakusifu, lakini sahani ilirudi nyeupe. Na jioni, Somoe alipofunga kanga yake ya safari, Hasani hakwenda naye.

"Ulimi utazoea," Salome alimwambia. "Mpe wiki chache. Na vidonge usiache, baba Nurdin, hata ukijisikia mzima. Chakula ni msaidizi wa dawa."

Maftaha aliendelea na majaribio yake. Siku nyingine kunde na mchicha, siku nyingine samaki wabichi wa kuchoma kwa ndimu. Ugali wa muhogo ulibaki pale pale, ila mboga iliongezwa. Mengine yalishindikana. Uji wa mtama wenye tangawizi nyingi ulimtoa Hasani machozi, wakacheka mpaka jirani akachungulia.

Mwezi wa saba Hasani alipimwa tena. Presha ilikuwa imeshuka vizuri. Mganga alimwambia aendelee na dawa na chakula hicho hicho.

Ijumaa iliyofuata Somoe alifika kutoka Kivinje. Safari hii alibeba changu wabichi ndani ya ndoo.

"Msiniulize," alisema kabla ya kuulizwa. "Nimewabeba kama mayai."

Salome naye aliitwa. Walipomaliza kula, Hasani alinawa mikono, lakini hakuinuka. Alimgeukia mkewe.

"Mama Nurdin, nilikuita mwongo mbele ya dada yangu. Basi na hili nalisema mbele yake, na mbele ya Salome, na Mwenyezi Mungu anasikia. Ulikuwa mkweli. Nakuahidi, siku nitakapokuwa na hofu, nitakuja kukuuliza kabla sijakutuhumu. Dawa nitakunywa, na nitakula katika chungu chako."

"Nimesikia," alisema Salome.

Somoe alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Nami nimesikia. Na Kivinje nzima itasikia."