Sekunde Moja ya Bawabu

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Bosi alitoka chumba cha maonyesho mbio, kiatu kimoja hakijafungwa kamba, akauliza kwa sauti ya kuvunja vioo:

"Nani ameichezea kazi yangu?"

Mkasi, mhariri wa picha, ndiyo kwanza alikuwa anavua koti. Wenzake walimpa jina hilo kwa jinsi alivyokata picha bila huruma, na yeye hakulichukia. Kwa miezi mitatu walikuwa wakifufua vibonzo vya zamani vya mbuzi mtundu na bawabu anayemfukuza, vibonzo vilivyowavunja mbavu wazazi wao utotoni. Sehemu ya kwanza ilikuwa tayari, dakika saba kamili. Bosi aliikagua jana saa kumi, akaenda zake. Saa kumi na moja Mkasi aliifunga kwa neno la siri alilolijua yeye peke yake, akaondoka.

"Tukio la paani," Bosi alisema, akihema. "Bawabu anapitiliza ukingo, anaanguka papo hapo. Ndivyo nilivyoagiza! Sasa anasimama hewani sekunde nzima, anaduwaa. Watoto wa siku hizi watakuwa wameshalala!"

"Sijaigusa, Bosi."

"Saa nne Mkuu wa Vipindi anakuja na watoto ishirini. Wasipocheka, kituo cha televisheni hakituchukui. Kabla ya hapo nataka jina la mtu. Usiponipa, nitajua ni wewe, na utafungasha vyako leo hii."

Miaka tisa Mkasi alikuwa ameketi kwenye kiti kile, na hapakuwa na kazi nyingine duniani aliyoitaka. Alivuta kiti, akaanza na mashine yake.

Kumbukumbu ya mashine ilikuwa wazi: kazi ilifunguliwa jana saa kumi na moja na dakika arobaini, ikafungwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Neno la siri lilikubali kwa jaribio la kwanza. Saa hizo walikuwa wamebaki watu wawili tu, Fundi Sauti na Mzee Penseli.

Kwenye kioo cha mashine ya kunakili michoro, pembeni ya meza yake, kulikuwa na chengachenga za kijivu.

"Biskuti!" Bosi alidakia. "Fundi Sauti huyo, kutwa anatafuna."

Mkasi alichukua chenga moja, akaiminya kwa vidole viwili. Haikuvunjika, ilijiviringa tu. Akaifunga kwenye karatasi na kuitia mfukoni.

Saa mbili na dakika ishirini alimkuta Fundi Sauti amekaa katikati ya sufuria, kengele na viatu vikuukuu, mguu mmoja ameuweka juu ya stuli.

"Jana kuanzia saa kumi na moja na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, dada. Nadondosha sufuria za sehemu ya pili."

"Zaidi ya nusu saa nzima?"

"Sufuria haidondoki vizuri mara ya kwanza. Wewe sikiliza."

Akamfungulia alichorekodi. Saa ya mashine ilitembea bila kukatika, kuanzia kumi na moja na nusu hadi kumi na mbili na robo. Sufuria ilianguka mara arobaini na moja. Baada ya ile ya kumi na saba ilisikika sauti ya Fundi mwenyewe: "Mama yangu, kidole!"

Mkasi alicheka hata bila kutaka. Kidole kilikuwa kimevimba kweli. Huyu akamwondoa kwenye washukiwa.

Akabaki mzee. Mzee Penseli ndiye aliyevichora vibonzo vile kwa mkono alipokuwa kijana. Bosi alimwajiri awe mshauri, yaani apewe kiti nyuma ya Mkasi na chai isiyokatika, na asiulizwe chochote. Kutwa alichora alichokiona. Ukutani Mkasi alikuwa amebandika karatasi tatu za mzee, zote za mikono yake mwenyewe ikichapa, vidole vimekamatwa sawasawa hata ungedhani vinatembea.

"Mzee wangu, jana uliondoka saa ngapi?"

"Nilisinzia, mwanangu. Kuzinduka, saa kumi na mbili imepita."

"Hukuona mtu kwenye mashine yangu?"

"Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi."

"Ulikuwa umesinzia au unachora?"

Mzee alikunywa chai kwa muda mrefu kuliko kiasi cha chai kilichokuwemo. "Kompyuta naijulia wapi mimi?" akasema hatimaye. "Hata simu hii huniwashia mjukuu wangu."

Mkasi alirudi mezani akijikuna kichwa. Kuna jambo lilimkera: bawabu ameongezewa sekunde, lakini urefu wote bado ulikuwa dakika saba kamili. Basi sekunde hiyo imekatwa mahali. Akalinganisha tukio kwa tukio na orodha yake. Yote yalikuwa mazima. Alipofika kwenye majina ya mwisho, akasimamisha picha. Jina moja lililopaswa kukaa sekunde mbili lilikaa moja.

Akairudia ile sekunde ya bawabu, picha kwa picha. Picha ishirini na nne, lakini michoro kumi na miwili tu, kila mmoja umeonyeshwa mara mbili. Kompyuta zao zilichora kila picha upya. Kurudia mara mbili ulikuwa ujanja wa zamani, wa kuokoa mkono usichoke.

Akainua macho akaitazama ile mikono ukutani. Alijua, na moyo ukamuuma.

Saa nne kasoro dakika tano, watoto walikuwa wameshajaa chumba cha maonyesho wakipiga miguu sakafuni. Mkuu wa Vipindi, mama mmoja mwenye sura isiyojua mizaha, aliketi mstari wa mbele. Kwenye kijumba cha mitambo nyuma yao, Bosi alifunga mlango, Mkasi na Mzee Penseli wakiwa ndani.

"Haya. Nani?"

"Mtu aliyefuta kwa ufutio," Mkasi alisema, akifungua karatasi yake. "Hizi si biskuti. Mtu anayerudia mchoro mara mbili, kama zamani. Mtu aliyetazama vidole vyangu miezi mitatu mpaka akaweza kuvichora kwa kichwa, na neno langu la siri akalisoma humohumo. Na alipohitaji sekunde, hakuiba ya mwenzake. Aliikata kwenye jina lake." Akageuka. "Nisamehe, mzee wangu. Ni kazi yangu au wewe."

Mzee Penseli aliweka kikombe chini. "Sikujua watakusingizia wewe. Hilo ndilo linaloniumiza. Mengine nimefanya na ningefanya tena."

"Kwa nini?" Bosi alifoka.

"Kwa sababu mlimwangusha bawabu kabla hajajua kwamba anaanguka. Hapo mtoto acheke nini? Aone tu mtu kaumia? Mwache atazame chini. Mwache atutazame sisi. Hapo ndipo kicheko kilipo, bwana."

"Si ungeniambia!"

"Nilikuambia Jumatatu. Nikakuambia Alhamisi. Ukasema asante mzee, ukaagiza niongezewe chai."

Bosi aligeukia mitambo. "Rudisha ile yangu," alimwambia Mkasi. "Sasa hivi."

"Tunaanza au hatuanzi?" Mkuu wa Vipindi aliita.

Mkasi alimtazama mzee. Akabonyeza kitufe cha kuonyesha, sekunde ya mzee ikiwa palepale.

Dakika nne watoto walitabasamu kwa adabu. Kisha likaja paa. Bawabu akapitiliza ukingo, akasimama hewani. Akatazama chini. Akawatazama watoto. Akameza mate.

"Usitazame!" msichana mmoja alipiga kelele, na chumba kizima kikalipuka. Sufuria ya Fundi Sauti ilianguka bila kusikika kwa vicheko. Mkuu wa Vipindi alikuwa amejiinamia, mabega yakiruka, akijifuta machozi kwa ratiba yake.

Majina yalipopita, aligeuka nyuma. "Tunawachukua. Lakini yule mchoraji wa kwanza ni nani? Jina lake limepita upesi, sijalisoma."

Bosi alijikuna shingo.

"Mkasi," alisema polepole, "mrudishie mzee sekunde yake. Ikate kwenye jina langu."

"Na vyangu nifungashe?"

"Ufungashe nini? Kaa ukate!"

Mzee Penseli alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kabla ya chakula cha mchana Mkasi alibadilisha neno la siri, mikono ameifunika kwa koti. Nyuma yake penseli ilikwaruza taratibu. Aliporudi kutoka kula, alikuta karatasi mezani: koti limechorwa, lina vijinundu vya vidole vinavyotembea, na chini yake maandishi safi:

"Herufi nane. Mbili za mwisho zinafanana."