Ubao Uliotundikwa Usawa wa Goti

Gozbert alikutwa amekufa sebuleni kwake Nyamiaga, Jumapili saa sita mchana, mkewe Auleria aliporudi kutoka misani. Alikuwa amelala ubavu, kisogo kimepasuka. Nyundo ilikuwa kando ya kochi.

Inspekta Adelfina hakuigusa. Alitazama kuta kwanza. Nyumba ilikuwa mpya, na picha tano zilitundikwa kwa ustadi, zote usawa wa macho. Ya sita ilikuwa chini, usawa wa goti: ubao wa imigongo, samadi iliyofinyangwa kwa mistari ya mshazari, nyeusi na nyeupe. Ulitazamana na uso wa marehemu.

"Nani alikuwa akitundika?"

"Iteka, wa Lusahunga," Auleria alijibu. "Huwachagulia watu picha na mahali pa kuziweka. Nilimwacha hapa na mume wangu."

"Ubao huu ni wake?"

"Ni wetu. Mume wangu aliuficha stoo miaka yote. Leo nilimwambia Iteka autoe, sebule ipendeze."

Inspekta alichuchumaa. Vumbi la plasta kutoka tundu la msumari lilikuwa limetua juu ya damu, si chini yake.

"Alipigwa kwanza," alimwambia koplo. "Ubao ulitundikwa baadaye."

Walimkuta Iteka kibandani kwake Lusahunga, kando ya barabara ya malori, akiosha brashi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Gozbert ulimwacha mzima?"

"Nilimwacha anapumua."

"Kwa nini ulitundika ubao chini vile?"

"Hakuweza kuinua kichwa. Nilitaka auone."

Adelfina alivuta kigoda, akaketi. "Nieleze."

"Aliyeutengeneza ni mama yangu, Clarisse, kule Kaniha. Jina lake liko nyuma. Miaka tisa iliyopita nilimwacha kitandani ana homa, ubao uko ukutani juu yake, nikaenda kumtafutia dawa. Niliporudi, paa lilikuwa limeshaanguka. Gozbert alikuwa akigombea shamba letu. Alikuja msibani, akatuambia moto ulitoka jikoni. Nikaamini."

"Leo ulimwuliza?"

"Alisema aliununua sokoni. Nikaupindua, nikamwonyesha jina. Halafu akasema alipoingia na petroli aliona ni ubao mzuri, akauonea huruma usiungue."

Koplo aliacha kuandika.

"Ubao, afande. Mama alikuwa kitandani, anamtazama."

"Kisha?"

"Akanigeuzia mgongo, akaniambia niendelee na kazi. Nikampiga. Sijuti. Andikeni hivyo hivyo."

Adelfina alimfunga pingu mwenyewe. Kisha akamgeukia koplo.

"Tukifika kituoni, fungua majalada mawili. La kwanza la Gozbert. La pili la Clarisse, mauaji, Kaniha."

Hapo ndipo Iteka alipoanza kulia.