Silvana Alivyopiga Magoti Penye Ngazi

Kila Jumamosi Silvana alimpelekea baba yake chakula kazini. Alifunga ugali wa ulezi na maharage katika kitambaa, akakatisha mtaa wa Chanji huku upepo wa baridi ukimsukuma mgongoni.

Baba yake, fundi Leonardi, alikuwa akifunga sola juu ya paa la zahanati mpya. Kuta za zahanati hiyo zilikuwa za matofali ya udongo yasiyochomwa, ili miti isikatwe kwa ajili ya kuni. Watu waliiita jengo la kijani, yaani lisiloharibu mazingira, ingawa kuta zenyewe zilikuwa nyekundu.

Siku hiyo alimkuta baba akichechemea.

"Mguu umefanyaje, baba?"

"Jana niliteleza juu ya bati. Msumari ukanasa suruali, ndipo nikapona."

"Suruali ya Leonardi inamjali kuliko anavyojijali mwenyewe," alisema bibi Bertila, aliyekuwa akichanganya udongo. Mafundi wakacheka.

Silvana hakucheka. "Na mikanda ya usalama?"

"Ipo stoo, kwenye nailoni," alijibu nyapara, kijana aitwaye Adriano. "Tutaivaa siku ya uzinduzi, wageni wakija kupiga picha. Usiogope, binti. Jengo la kijani halidhuru mtu. Tena asubuhi tumesali."

"Tulimwomba Mungu atulinde, naye ametupa mikanda," alisema Silvana. "Mbona tumeifungia?"

Baba alipoielekea ngazi, Silvana alimtangulia. Akapiga magoti mbele ya ngazi, akapiga makofi taratibu, kama Wafipa wanavyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inuka."

Hakuinuka. "Shikamoo, baba."

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Nimepiga magoti, baba. Aibu iko wapi? Nitainuka ukivaa mkanda."

"Leonardi, mwondoe mtoto wako," alifoka Adriano, "au nitafute fundi mwingine."

Leonardi aliitazama ngazi. Ili apande, ilibidi amruke binti yake aliyepiga magoti. Hakuweza.

Ndipo bibi Bertila alipofuta mikono, akapiga magoti kando ya Silvana, akamgeukia nyapara na kupiga makofi.

"Shikamoo, nyapara."

Adriano alirudi nyuma. Bibi huyo alikuwa na umri wa kumzaa mama yake. "Bibi, inuka tafadhali. Unanitafutia laana."

"Sijaitikiwa bado."

Mafundi wote walikuwa wameweka koleo chini. Adriano aliwatazama, akatoa ufunguo mfukoni, akaenda stoo.

Nailoni zilichanwa. Leonardi alifunga mkanda, akapanda. Juu ya paa upepo ulimyumbisha, kamba ya mkanda ikakazika, naye akasimama imara.

"Silvana," aliita kutoka juu. "Marahaba, mwanangu."

Silvana akainuka, akapangusa magoti.

"Tunaitunza miti, ni vema," bibi Bertila alimwambia. "Lakini anayejenga naye atunzwe. Sala tusali, na mkanda tuuvae. Na heshima, mjukuu wangu, si kunyamaza."