Aliyeitika Mama Alipoita

Mapumziko ya saa nne, mwalimu alikuwa ofisini akipuliza chai yake, simu ikamwarifu kwamba kitanda cha mama yake kimelaliwa. Hakushtuka. Mama alikuwa mgonjwa, na mgonjwa hulala. Akampigia tu kumjulia hali.

"Niko barazani nashona kifungo, Kitinda," mama akasema. Ndivyo alivyomwita tangu utotoni, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wake. "Uzi wa siku hizi unakatika hata ukiutazama tu."

"Kwani hukulala kidogo, mama?"

"Nilale saa hizi, nimekuwa paka?"

Mwalimu akacheka, akaitazama tena simu. Kitanda kimelaliwa.

Pale chuoni alikuwa akifundisha utangulizi wa intaneti ya vitu. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba taa, mlango, hata godoro, ukikipa kihisi cha kutambua na mtandao wa kupitishia habari, kitu kisicho na ulimi kinapata cha kusema. Na alichokifundisha darasani alikuwa amekifunga nyumbani. Tangu kiharusi kimlegeze mama mguu mmoja, aliweka kihisi chini ya godoro, vingine vya kutambua mwendo katika kila chumba, kufuli la mlango linalofunguliwa kwa simu, taa zinazojiwasha, na spika ndogo sebuleni na chumbani, ili mama akiita, yeye asikie popote alipo. Kamera mama alizikataa. "Sitaki kutazamwa kama duka," alisema. Alikuwa mkunga mstaafu, mtu aliyeitwa na kila mtu maisha yake yote. Sasa ilikuwa zamu yake kuita.

Jioni mwalimu alikagua kihisi cha kitanda. Kizima kabisa. Lakini upande wa ukutani, ambao mama hakuulalia kwa sababu ya mguu, godoro lilikuwa limebonyea kwa urefu wa mtu. Akapeleka kiganja. Shuka lilikuwa na joto, na lilinuka kama nguo iliyoungua kwa pasi.

Akalibadilisha shuka.

Siku chache baadaye alimkuta mama amechangamka kuliko kawaida.

"Leo umenichekesha," mama alisema. "Mtu mzima mzima kuniuliza ulivyozaliwa! Si nilishakusimulia?"

"Nilikuuliza lini, mama?"

"Mchana, kwenye hicho kidude chako." Akaionyesha spika kwa kidole. "Tumeongea mpaka koo limenikauka."

Mchana huo mwalimu alikuwa kwenye kikao, na simu yake ilikuwa imezimwa. Aliketi kando ya mama, akamshika mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Kilikuuliza nini kingine?"

"Kilikuuliza? Ni wewe uliyeuliza." Mama akautoa mkono wake taratibu. "Uliuliza kama nitakutambua ukija umebadilika."

Angevitoa vifaa vyote jioni ileile. Lakini angemwacha mama peke yake, bila sauti, bila njia ya kuita akianguka? Akabadilisha nywila zote, akamwomba kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeishi mji mwingine, aje mwisho wa juma. Kaka akasema atakuja.

Kabla hajafika, ikaja siku ya somo la vitendo. Mwalimu aliwaahidi wanafunzi kuwaonyesha mfumo halisi ukifanya kazi, na ramani ya nyumba yake ikatokea ukutani, kubwa, kila chumba na alama yake. "Hapa ni barazani," alieleza. "Alama hii ya kijani ni mama yangu, amekaa." Wanafunzi wakampungia mkono, wakacheka.

Ndipo taa ya jikoni ikawaka.

"Mwalimu, kuna mtu mwingine nyumbani?" aliuliza msichana wa mstari wa mbele.

"Hapana."

Taa ya jikoni ikazimika, ya ukumbini ikawaka, na alama ya pili ya kijani ikajitokeza pale, ikaenda polepole kama mtu anayepapasa ukuta, na wanafunzi wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya somo, na mwalimu alibonyeza kufunga mlango wa barazani ili kile kitu kisimfikie mama, kufuli likakataa, akabonyeza tena, likakataa, huku alama ile ikipita sebuleni, ikifika barazani, ikisimama karibu kabisa na alama ya mama mpaka zikagusana, halafu zote mbili zikainuka na kurudi ndani kwa mwendo mmoja, wa mguu unaoburuzwa na wa mwingine anayeungoja, na yeye, mwenye amri zote za nyumba ile mkononi, hakuweza hata kuzima taa.

Akafungua spika. "Mama! Mama, toka nje! Ita jirani!"

Darasa zima likasikia jibu. Lilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, tulivu, kama ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Usipige kelele. Ndiyo kwanza anapata usingizi."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Ukutani maandishi yakatokea: kitanda kimelaliwa. Chini yake yakatokea tena: kitanda kimelaliwa.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Mlango ulijifungua wenyewe kabla hajaugusa, na harufu ya kuungua ikampokea. Mama alikuwa amelala ukingoni mwa kitanda, amempisha mtu upande wa ukutani, mkono wake ukiwa umening'inia hewani, juu kidogo ya godoro, pale ambapo bega la mtu lingekuwa.

"Shh," mama akanong'ona bila kufumbua macho. "Utamwamsha."

Kaka alifika siku iliyofuata pamoja na mganga, mwanamke wa makamo aliyeongea polepole. Kaka aling'oa kila kifaa kwa koleo, akavisaga kwa nyundo uani. Mganga akamkalisha mama kitini, akamfukiza ubani, akamwekea kiganja kichwani, akauliza, "Nani amekuita humu?"

Kinywa cha mama kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Kitinda, naye Kitinda alikuwa amesimama mlangoni, mdomo ameufunga kwa mikono miwili.

"Yeye ndiye aliyeita," ilisema. "Aliita mtoto, mtoto, na nyumba ilikuwa tupu. Nikaitika."

"Toka, basi. Mtoto wake amekuja."

"Amekuja leo. Mimi nilikuwepo siku zote."

Walishindana mpaka jua likageuka. Mwishowe mama akatapika maji meusi, akalia, akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Mganga alijifuta jasho. Mwalimu alipomuuliza kama kimetoka, alikusanya vitu vyake kwanza.

"Nimekitoa humu," alisema. "Kwake yeye, sijui. Mwenye kukipenda ni vigumu kumtenganisha nacho."

Wakaamua mama akakae kwa kaka, kwenye nyumba isiyo na kitu cha kisasa zaidi ya redio na simu ya vitufe. Mwalimu aliomba likizo, wakamkatalia mpaka mitihani iishe. Kila jioni alipiga simu, na mama alipokea; alikuwa akila vizuri, akilala vizuri, akitaniana na wajukuu. Mwalimu akaanza kupata usingizi.

Kisha siku moja akapata nafasi mchana, akapiga. Kaka alikuwa karakanani, wajukuu shuleni.

"Nani?" mama akauliza.

"Mimi, mama. Kitinda wako."

Mama akasema, kwa ukali aliokuwa akiutumia kwa watu wasiomheshimu, "Ukome. Umejitahidi kuiga sauti, lakini mimi simjui mwanangu? Usinipigie tena."

"Mama, ni mimi! Mama, tafadhali, toka nje ya hiyo nyumba!"

Nyuma ya pumzi za mama alisikia chanuo likipita kwenye nywele, taratibu, likisimama, likipita tena. Halafu akaisikia sauti yake mwenyewe, karibu kabisa na simu.

"Nani huyo, mama?"

"Hakuna mtu, Kitinda," mama akajibu, na simu ikakatwa.