Bakuli Lililorudi Limeoshwa

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, kando ya barabara. Kila asubuhi alifungua dirisha, akafuta vumbi, akatia cherehani mafuta na kuanza kazi. Mguu ulikanyaga na mkono uliongoza kitambaa, lakini moyo haukuwapo. Moyo ulikuwa kwenye kituo cha polisi, alikopelekwa mumewe.

Mumewe alikuwa diwani, msemaji wa sauti kubwa. Mara nyingi mkewe alimwambia, "Baba Pacha, hapa si jukwaani. Punguza sauti." Siku moja diwani aliuliza hadharani kwa nini soko jipya linavuja hata kabla halijafunguliwa. Jioni ile polisi walikuja kumchukua. Walisema ni mahojiano mafupi tu. Hakurudi.

Sasa nyumba ilikuwa kimya. Mama Pacha angetoa chochote aisikie tena ile sauti iliyokuwa ikimchosha. Mtu akikohoa barabarani, aliinua kichwa haraka. Akiona si yeye, alirudi kwenye mshono wake.

Mama mkwe alikuja kukaa naye ili asaidie kulea watoto wake mapacha. Ndiye aliyetoa amri ya nyumba.

"Tunyamaze, mwanangu," alisema. "Wakubwa hawapendi kelele. Hasira zao zikipoa, watamwachia wenyewe."

Basi wakanyamaza. Kila mchana Mama Pacha alijaza chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, akalipeleka kituoni. Askari wa mapokezi alilipokea.

"Naweza kumwona?"

"Leo haiwezekani, mama. Chakula kitamfikia."

Kesho yake alirudishiwa bakuli tupu, limeoshwa likatakata. Bakuli hilo lilimtia nguvu. Alijiambia kwamba mumewe anakula, basi yu mzima.

Siku moja alikuja wakili, mwanamke wa mtaa uleule, kuchukua joho lake jeusi. Alikuta pindo la upande mmoja limeshonwa mara mbili, na la upande wa pili halijaguswa.

"Fundi, leo mawazo yako yako mbali."

"Yako kwa mume wangu. Nisamehe, nitafumua."

"Amefikishwa mahakamani?"

"Bado. Wanasema wanachunguza."

"Anashtakiwa kwa kosa gani?"

"Hatujaambiwa."

"Wewe umemwona?"

"Sijamwona. Lakini anakula vizuri. Bakuli linarudi tupu, tena ameliosha."

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele. Mikono yake ikasimama.

"Ameliosha nani?"

"Mwanao, mama."

"Mwanangu? Tangu nimzae hajaosha hata kijiko. Nilimdekeza mwenyewe, namjua."

Hakuna aliyecheka. Chakula chake kililiwa, lakini kililiwa na nani? Na mumewe alikuwa wapi?

Wakili alivuta kiti, akaketi.

"Nisikilizeni," alisema. "Polisi wanaruhusiwa kumkamata mtu wanayemshuku. Lakini lazima wamwambie kwa nini wanamkamata. Lazima aonane na wakili, na ndugu zake wajue yuko wapi. Tena sheria imeweka muda. Muda huo ukiisha, wampeleke mahakamani au wamwachie. Kumfungia mtu hivi hivi bila kesi ni kuvunja sheria."

"Hata kama ni mwanasiasa?" Mama Pacha aliuliza.

"Mwanasiasa naye ni raia. Kama amekosa, ashtakiwe. Ajitetee, na watu wote wasikie. Anayefungiwa bila kesi hana mahali pa kusema 'si kweli'."

"Na tukisema, si watamuumiza?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, mtu asiyeulizwa na yeyote ndiye rahisi kuumizwa. Mkimuulizia, wanaomshika wanajua kwamba kuna macho."

"Sasa tufanyeje?" Mama Pacha aliuliza.

"Twende Mahakama Kuu. Tuiombe iwaamuru polisi wamlete mbele ya jaji na waeleze kwa nini wanamshikilia. Wewe, fundi, utakula kiapo na kueleza uliyoyaona na uliyoambiwa. Usitie chumvi hata kidogo."

Mama mkwe aliweka ungo chini. "Nendeni," alisema. "Watoto niachieni mimi."

Jaji aliagiza diwani aletwe. Siku ya kesi Mama Pacha alikaa kwenye benchi la mbele, macho kwenye mlango wa pembeni. Mlango ulipofunguliwa, karibu asimtambue mumewe. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, suruali inamvuka. Kumbe tangu usiku ule wa kwanza alihamishiwa kituo kingine, mbali, na chakula kile hakikumfikia hata siku moja.

"Anashtakiwa kwa kosa gani?" jaji aliuliza.

"Uchunguzi unaendelea, mheshimiwa," mwanasheria wa serikali alijibu.

"Na yeye akae ndani mpaka uishe?"

Jaji alisema kwamba kumshikilia hivyo ni kinyume cha sheria, na akaamuru aachiwe papo hapo. Polisi wakipata ushahidi, wamshtaki mahakamani.

Ukumbini Mama Pacha alimshika mumewe mkono. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakapotea.

"Nilikuwa na hamu nawe," alisema. "Hata na kelele zako."

Diwani alitabasamu, kisha akasimama. "Kuna mtu nimemwacha kule, tulikuwa chumba kimoja. Ni yule mpinzani wangu wa uchaguzi."

Mama Pacha alimjua sana. Kwenye kampeni mtu huyo alimwita mumewe mwizi, na tangu hapo nyumba hizo mbili hazikusalimiana.

"Ameshtakiwa?"

"Hapana. Mkewe hajui hata alipo."

Mama Pacha alitamani sana kwenda nyumbani, afunge mlango, amtazame mumewe basi. Lakini alijua kungoja kulivyo. Hilo hakuhitaji kufundishwa na wakili.

Wakapita kwanza kwa mpinzani. Mwanamke aliyefungua mlango alipowaona alikunja uso.

"Shemeji," diwani alisema, "mumeo yu hai. Nilikuwa naye."

Yule mama alifungua mlango wote.

"Alinitaja?"

"Kila siku."

Mama Pacha alimshika begani. "Jiandae," alisema. "Kesho asubuhi nakuja kukuchukua, twende kwa wakili."